Nimeambiwa sauti yangu nyembamba na lafudhi yangu ya shamba

"Assalaamu alaykum mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba. Nina miezi minane najitolea redioni. Nasoma matangazo na nina kipindi cha wanawake cha asubuhi. Mkuu wa vipindi ananiambia sauti yangu nyembamba kama ya mtoto, na lafudhi yangu ya shamba haivutii, nijifunze kusema kama watangazaji wa Dar es Salaam. Tokea hapo nikiwa hewani naishusha sauti kwa nguvu. Sasa ikifika jioni koo linaniuma, na siku nyengine naamka sauti imekauka. Nakunywa tangawizi na limau lakini sioni nafuu. Nifanyeje? Kitu gani khasa kinamfanya msikilizaji apende sauti ya mtangazaji? Na je, niache Kipemba changu?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: kuanzia kipindi chako cha kesho, acha kuishusha sauti kwa nguvu. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hilo liache leo. Umeniuliza mambo matatu, sauti, lafudhi na koo, na nikisoma barua yako naona koo limeharibika kwa sababu ya dawa uliyopewa ya sauti. Sauti yenyewe haikuwa na maradhi.

Sauti ya mtu inatoka kwenye zoloto, pale panapotuna kwenye shingo ya mwanamme. Ndani yake mna nyuzi mbili ndogo za nyama. Unapovuta pumzi zinaachana. Unapotaka kusema zinasogeleana, pumzi ikipanda kutoka mapafuni inazitikisa, na mtikisiko huo ndio sauti. Kwa mwanamke mtu mzima hutikisika kiasi cha mara 165 mpaka 255 kwa sekunde moja katika mazungumzo ya kawaida. Kwa mwanamme ni baina ya 85 na 180. Tofauti hiyo inatokana na urefu na unene wa nyuzi, na hayo umeumbwa nayo kama ulivyoumbwa na kimo chako. Ukitaka kushuka chini ya pale ulipoumbiwa, huna njia ila kuliminya zoloto kwa misuli ya shingo. Nyuzi zinabanwa, zinagongana kwa nguvu, zinavimba, na zikivimba hazitikisiki sawasawa. Ndio huko kukauka kwa asubuhi. Ukiendelea miezi na miezi, pahala zinapogongana panaota vinundu, kama vile kiganja cha mwenye jembe kinavyoota sugu.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nilipoanza kazi, mkubwa wangu mmoja aliniambia mwanamke hasomi taarifa ya habari mpaka sauti yake iwe na uzito. Nikajiminya miezi sita. Usiku mmoja ikawashwa taa nyekundu, nikafungua mdomo kusoma kichwa cha habari cha kwanza, ikatoka pumzi tupu. Mwenzangu aliyekaa kushoto kwangu aliichukua karatasi mkononi mwangu akaendelea kusoma kama kwamba ndivyo tulivyopanga. Nilikaa wiki tano bila ya kwenda hewani. Sitaki yakufike.

Sasa huo uzito wenyewe. Sitokudanganya kwamba hauna maana yoyote. Tafiti kadhaa zimeonesha kuwa watu, wanaume na wanawake, huihusisha sauti nzito na mamlaka, na mkuu wako huenda amelisikia hilo akalichukua zima zima. Lakini fikiria sauti yako inamfika wapi msikilizaji. Inatoka kwenye kiredio cha betri kilichotundikwa kwenye msumari jikoni, au kwenye simu iliyowekwa juu ya jamvi watu wakichambua karafuu, au kwenye gari ya abiria inayopanda mlima na injini inaunguruma. Spika ndogo namna hiyo haiwezi kutoa vizuri mitikisiko iliyo chini ya 200 kwa sekunde. Ule uzito wa sauti unaotafutwa kwa kuumiza shingo unabakia studio, spika haiutoi. Msikilizaji anautambua tu kwa sababu ubongo wake unaukisia kutokana na sauti za juu zinazofuatana nao.

Kinachofika ni kile kilicho juu. Sikio la mwanadamu linasikia vyema zaidi mitikisiko ya baina ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na huko ndiko zinakokaa konsonanti: s, sh, f, th, t, ch, k. Irabu zinabeba nguvu ya sauti, konsonanti zinabeba maana. Kwa hiyo mwenye sauti nyembamba anayetamka herufi zake wazi atasikika Kojani na Kengeja, na mwenye sauti ya ngoma anayezimeza atasikika kama mtu anayenguruma chumba cha pili.

Na Kiswahili kina jambo lake hapa ambalo watangazaji wengi hawafundishwi. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hiyo inasikika bila ya taabu. Silabi ya mwisho inabaki dhaifu, na ya mwanzo hupita mbio. Sasa tazama maana inakokaa: "ameuza", "ameuzwa", "ameuziwa". Ukimeza mkia wa neno, msikilizaji hajui nani kauza na nani kauzwa. Kichwa cha neno nacho vivyo hivyo: "tutalipa" na "hatutalipa" zinatofautiana kwa "ha" moja tu, na mtangazaji anayeanza sentensi kabla ya kuvuta pumzi ya kutosha huipoteza "ha" hiyo. Nimewahi kuona watu wanakwenda ofisini kudai malipo waliyoyasikia redioni, na tangazo lilikuwa linasema hayapo. Kabla hujafikiria uzito, hakikisha kila neno lako lina kichwa na mkia.

Ukiniuliza kitu gani khasa kinapendwa, nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwenye mabaraza kwa miaka. Msikilizaji anapenda kuhisi kuwa anazungumzwa yeye. Hakai ukumbini na watu elfu. Yupo peke yake anakuna nazi. Mtangazaji anayesema "wasikilizaji wote popote mlipo" kwa sauti ya mkutano wa hadhara anampita juu ya kichwa. Anayezungumza kama vile kakaa naye kwenye kibao cha mbuzi, mmoja anakuna mwengine anachambua mchele, huyo anapendwa, na sauti yake itasemwa nzuri hata ikiwa nyembamba. Hata tabasamu linasikika. Ukitabasamu midomo inavutika, njia ya sauti inafupika kidogo, na sauti inang'aa. Msikilizaji hakuoni lakini anajua. Kwa hivyo usitabasamu ukisoma msiba, na usisome bei ya samaki kwa uso wa msiba.

Nikuchukulie matangazo ya vifo, kwa sababu unayasoma na kwa sababu hapa kwetu hakuna tangazo linalosikilizwa zaidi ya hilo. Likianza, kijiko kinawekwa chini, watoto wananyamazishwa. Anayesikiliza anasubiri vitu vichache tu: jina la marehemu, la baba yake, kijiji, ndugu waliotajwa, na mazishi saa ngapi. Sasa mtu anasoma "Ngambwa" badala ya "Ng'ambwa". Kwa msomaji ni kosa dogo la herufi. Kwa watu wa Ng'ambwa ni mgeni aliyeingia msibani na viatu. Nimesikia jina la baba mtu likisomwa kwa mbio kama namba ya simu, na mtoto wa marehemu, mtu mzima kabisa, akasema pale barazani, "Hata jina la baba wamelikata." Hakusema lolote juu ya uzito wa sauti. Wewe unavijua Wingwi, Kiuyu, Shumba, Mtambile na Chambani, na unayajua majina ya watu wake yanavyotamkwa. Huo ni mtaji ambao mwenye lafudhi ya Dar es Salaam angehitaji miaka kuupata.

Tumeshaingia kwenye lafudhi basi. Mkuu wako amechanganya mambo matatu, na si yeye peke yake. Kuna lahaja, yaani maneno na sarufi ya pahala. Kuna lafudhi, yaani mahadhi na namna ya kutamka inayomwambia mtu umekulia wapi. Na kuna matamshi yaliyokosewa. Hayo mawili ya mwanzo si makosa.

Watu husema Kiswahili sanifu ni Kiunguja cha mjini na kwa hiyo mwengine yeyote anaharibu. Ni kweli kwamba mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha kwa nchi za Afrika Mashariki. Lakini kazi kubwa ya kamati ile ilikuwa tahajia na lugha ya vitabu vya skuli. Hakuna aliyekaa akasanifisha mahadhi. Kwa hivyo hata hao watangazaji wa Dar es Salaam unaoambiwa uwaige wana lafudhi yao. Tunaisikia sana tu, mpaka tumeizoea, na kilichozoeleka masikioni huonekana kama hakina rangi. Mimi ni mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Nyumbani tunasema Kikae, na nilisoma habari kwa Kiswahili sanifu miaka mingi huku mahadhi ya kusini yakinifuata. Hakuna aliyeshindwa kuelewa.

Wewe una kitu ambacho wengi wanakililia. Nina hakika ulikwenda chuoni utotoni, ukafundishwa makhraj, kila herufi itokee wapi: ncha ya ulimi baina ya meno, nyuma ya koo, kwenye kaakaa. Ndiyo maana "thamani" yako haiwi "samani" ya kukalia, "fedha" haiwi "feza", na "lugha" haiwi "luga". Hata neno lenyewe "lafudhi" wengi wanalisema "lafuzi". Nyinyi pia mnaitia pumzi k ya kaa wa mikokoni na kuiacha kavu k ya kaa la moto, jambo ambalo herufi zetu haziandiki na waliojifunza Kiswahili vitabuni hawalijui. Angalia tu usizidishe. Wapo wanaoogopa kukosea mpaka wanasema "dhawadi" na "dhabibu", na hilo linachoma sikio kuliko kosa walilokuwa wakilikimbia.

Kuna sehemu ambayo itabidi ujirekebishe, na nitakwambia wazi. Kule shamba tunasema "ntu", "ntoto", "nkono". Barazani ni sawa kabisa. Kwenye taarifa ya habari inayosikilizwa na mtu wa Tanga au Kigoma, sema "mtu", "mtoto", "mkono", kwa sababu yeye atashughulika na "ntu" na habari itampita. Maneno nayo yafuate msikilizaji. Kipindi chako cha asubuhi ukitaja bei za sokoni Konde, sema tungule na mbatata. Ukisema nyanya na viazi mviringo utaonekana umekuja jana kwa meli. Siku utakaposoma habari za nchi nzima, nyanya ndiyo inayofahamika. Na yale mahadhi yako ya Pemba, ule mvuto wa sauti kwenye mwisho wa sentensi, yaache yalivyo isipokuwa yakigeuza taarifa kuwa suali. Chunga pia mkazo pale unapobadilisha maana: "barabára" ni njia ya gari, "barábara" ni sawasawa. Sentensi ya mvua kuharibu njia haitaki kukosewa hapo.

Utaniuliza, na nikitaka kazi Dar es Salaam? Hapo nikupe ukweli wote. Baadhi ya vituo vinatafuta lafudhi ya aina moja, na mwenye lahaja nzito anaweza kukaa nyuma ya foleni. Kujifunza kusema kwa namna mbili si usaliti. Watu wa pwani wamefanya hivyo siku zote, sokoni namna hii na kwa bibi namna ile. Idhaa za Kiswahili za BBC, iliyoanza 1957, na Deutsche Welle, iliyoanza 1963, zimewasikilizisha dunia watu wengi wa visiwa hivi bila ya kuwafuta walikotoka. Mtazame marehemu Charles Hilary: alitangaza mpira Redio Tanzania Dar es Salaam, akaja BBC, akamalizia kuwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mpira una mbio zake na Ikulu ina utulivu wake. Alibadilisha mwendo, na sauti ilikuwa ile ile, ukiisikia unamjua. Kuongeza namna ya pili ya kusema ni jambo jema. Kuichukia ya kwanza kutakuumiza, kwa sababu mtu anayejionea haya hewani hukaza taya, na taya iliyokazwa ndiyo inayoifanya sauti iwe nyembamba.

Naam, wembamba unaotibika upo, na hauhusiani na kushuka chini. Hofu hupandisha sauti juu ya pahala pake, na pumzi ya kifuani hutoka fupi. Jaribu hivi. Mtu akikueleza jambo unalokubaliana nalo, unaitikia "mmh", mdomo umefunga, hujafikiri. "Mmh" hiyo imekaa pale pale sauti yako ilipoumbwa ikae. Kabla ya kufungua maikrofoni iitikie mara tatu, na neno la kwanza lianzie hapo. Weka kiganja tumboni, vuta pumzi mpaka kiganja kisogezwe mbele, mabega yakae chini. Kisha sogea. Ukikaa umbali wa shubiri moja isiyotimia kutoka kwenye maikrofoni, nyingi za studio zinaongeza zenyewe sauti za chini, na utapata joto lote ulilokuwa unalitafuta kwa kujiumiza. Ielekeze pembeni kidogo mwa mdomo, maana p na b zinatoa upepo, na jina la kisiwa chenu, Pemba, lina zote mbili. Zungumza kwa kiasi. Maikrofoni ni sikio, na mtu hapigi kelele sikioni.

Karatasi isome kabla, kwa sauti, na penseli mkononi. Weka alama unapovuta pumzi. Ukiona sentensi haina pahala pa kuvuta, ikate mara mbili. Aliyeiandika aliiandikia jicho. Kisha ujirekodi kwa simu, mpe bibi yako asikilize akiwa na shughuli zake, wewe ukae chumba chengine. Akimaliza mwambie akusimulie alichosikia. Pale alipokosea kusimulia, hapo ndipo ulipokosea kusoma. Mtihani huu nimewapa wanafunzi wangu wote, na mabibi hawapendelei mtu.

Nije kwenye tangawizi na limau. Endelea ukipenda, zina raha yake, lakini hazifiki kwenye nyuzi za sauti. Unachomeza kinapita njia ya chakula. Kikiingia njia ya sauti unapaliwa, unakohoa mpaka machozi. Asali ni hivyo hivyo, na yai bichi ambalo wengine wanameza. Kinachozifaa nyuzi ni maji unayokunywa mchana kutwa, yanayoupa mwili wote unyevu, na mvuke wa maji ya moto uliouvuta polepole. Usijikohoze kila baada ya dakika kusafisha koo. Kila mkohozo ni kofi kwa nyuzi hizo. Meza mate au piga funda la maji. Na ukiumwa sauti usinong'one ukidhani unaipumzisha, nyamaza. Ramadhani ikija, kunywa maji kwa mafungu baina ya futari na daku, na kama unaweza, omba vipindi virefu uvipate mapema asubuhi kabla mwili haujakauka.

Kwa hali uliyonieleza, ningekutaka upumzike kwenda hewani siku nne au tano, kisha urudi na sauti yako mwenyewe. Kama ukavu utaendelea zaidi ya wiki 3, au ukaona damu, maumivu ya kumeza, uvimbe shingoni, au pumzi inakubana, usinisubiri mimi wala mwengine wa kukuandikia. Nenda hospitali ya Chake Chake au ya Abdulla Mzee, Mkoani, ueleze kuwa kazi yako ni ya sauti, na uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, hata ikibidi rufaa ya Mnazi Mmoja, Unguja. Kukauka kwa sauti hakupimwi kwa maandishi. Lazima mtu aingize kioo au kamera azitazame nyuzi zenyewe. Vinundu vikikutwa mapema, mara nyingi mapumziko na mazoezi ya sauti yanatosha bila kisu.

Mkuu wako mwonee kwa adabu, faragha, na rekodi mbili mkononi: moja uliyojiminya, moja uliyosema kwa sauti yako. Zichezeni kwenye simu, si kwenye spika kubwa za studio, kwa sababu wasikilizaji wenu hawana spika hizo. Kisha na mimi nitumie hiyo ya pili, dakika tatu zinatosha: tangazo moja la kifo, bei za sokoni, na salamu kwa mtu mmoja unayempenda.